Fimbo Moja Yatosha, Ikichaguliwa kwa Akili

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Walisema kweli, lakini hawakutuambia kwamba hata fimbo iliyo mkononi yaweza isiue nyoka wala kuvua samaki, ikiwa aliyeichagua alitumia macho badala ya akili. Nayanena haya nikiwa na pengo mfukoni na aibu moyoni, kama nitakavyoeleza punde si punde.

Mimi ni mwalimu katika shule moja isiyo mbali na soko la Sondu, pale ambapo barabara itokayo Ahero na Katito huvuka mto kuelekea Oyugis na Kisii. Shuleni humo ndimi mlezi wa chama cha mazingira. Kwa mihula miwili wanachama wamekuwa wakiuza miche ya miti na sukuma wiki, wakajaaliwa kupata akiba kidogo. Katika mkutano wao waliamua kununua fimbo moja ya kuvulia samaki, ya aina ile ya kisasa yenye rili, ili siku za Jumamosi waende mtoni kuwajua samaki kwa majina na maumbile, badala ya kuwasoma vitabuni tu.

Habari hiyo ilipofika katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja ninayemheshimu sana aliangua kicheko. Akaniambia, "Mwalimu, kwa fedha hizo nunueni wavu. Mvua za masika zinakaribia, ningu watapanda mto, na wavu mmoja utawalisha watoto hao wote kwa usiku mmoja. Fimbo ni mchezo wa watalii."

Maneno yake hayakuwa ya kupuuzwa. Katika shule ambayo baadhi ya wanafunzi huja asubuhi bila kutia kitu kinywani, anayependelea mchezo kuliko mlo sharti ajieleze. Basi nilijikuta na maswali mawili: kwanza, iwapo fimbo itanunuliwa, iwe fimbo gani? Pili, kwa nini iwe fimbo kabisa? Nitaanza na lile la kwanza, kwa sababu nimegundua kwamba jibu la pili limejificha ndani yake.

Niruhusiwe kwanza kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika duka moja mjini Kisumu, nikaiona fimbo nene, nyeusi, inayong'aa, iliyoandikwa maneno ya rangi ya dhahabu. Muuzaji akaniambia kwamba hiyo ndiyo fimbo ya mbuta, na kwamba mwenye kuishika hatahitaji nyingine maishani. Nililipa bila kuuliza hata swali moja. Jumamosi ya kwanza nilipoipeleka mtoni, chambo changu chepesi kilianguka hatua chache mbele ya miguu yangu. Fimbo ilikuwa ngumu mno; haikupindwa na uzito mdogo, na fimbo isiyopinda hairushi. Nilipofunga chuma kizito ili kirushike, kikazama na kunasa katika mawe. Mwezi wa pili fwani mmoja mkubwa alishika. Alivuta mara moja tu. Fimbo haikuinama kumpokea, mshipi ukakatika, naye akaenda zake na ndoana yangu mdomoni. Fedha zilizopotea ziliniuma, lakini ndoana ile iliyobaki mdomoni mwa samaki iliniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza na nimejaribu. Haya nitakayoyasema ni matunda ya kazi hiyo.

Fimbo ninayoizungumzia ni ile ambayo rili yake, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, huning'inia chini ya mpini. Pete zinazopitisha mshipi nazo ziko upande wa chini; ya kwanza ni pana, na zinazofuata hupungua hadi kufika nchani. Upana huo si urembo. Wakati wa kurusha, kigurudumu hakizunguki, bali mshipi huchomoka kwa mizunguko mipana, mithili ya uzi unaovutwa kutoka upande wa juu wa kigurudumu cha cherehani. Pete ya kwanza huipokea mizunguko hiyo, na zile ndogo huinyoosha. Aliyeisajili rili ya namna hii ni Mwingereza Alfred Holden Illingworth, mtu wa biashara ya nguo, mwaka 1905. Na yasemekana kwamba aliiga jinsi nyuzi zilivyokuwa zikichomoka viwandani. Kabla yake, kukirusha chambo chepesi mbali lilikuwa jambo gumu mno. Baada yake, hata mtoto aliweza kukirusha baada ya mafunzo ya alasiri moja. Msomaji na auweke akilini mwaka huo wa 1905, kwani tutaurudia.

Anayesoma vitabu na orodha za bei za fimbo hizi atakuta jina la samaki mmoja likirudiwa kila ukurasa, nalo ni besi. Huyu ni samaki wa Marekani ya Kaskazini, mwenye kinywa kipana ambacho taya lake hupita nyuma ya jicho. Hapa Sondu hatunaye. Aliletwa nchini Kenya katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, kwa ajili ya wavuvi wa kujiburudisha, na amedumu huko, ingawa katika karne hii kapi ndiye aliyejaa katika nyavu za Naivasha. Besi hujificha kando ya matete na mafunjo, akavizia kinachopita. Hula samaki wadogo, kamba na vyura, na kwa hivyo huvuliwa kwa vyambo bandia vya kila namna: mnyoo laini wa plastiki leo, kijiko cha bati kinachometameta kesho, kisamaki cha mti keshokutwa. Kwa kuwa mvuvi wa kawaida hawezi kununua fimbo kwa kila chambo, wapenzi wa besi wamehangaika miaka mingi kutafuta fimbo moja iwezayo kazi nyingi. Jibu walilolipata latufaa hata sisi tusiokuwa na besi, maadamu tunawajua samaki wetu.

Na samaki wetu ni akina nani? Mto Sondu, ambao wenyeji wa Nyakach huuita Miriu, huteremka kutoka misitu ya Mau, ukapita katika mashamba ya majani chai, ukaangukia maporomoko ya Odino, kisha ukaingia katika Ghuba ya Winam. Katika maji yaendayo kasi hupatikana fwani, samaki mwenye magamba makubwa na nguvu nyingi, ambaye hukubali hata kijiko cha bati. Katika madimbwi yaliyotulia yuko mumi, ambaye Waswahili wa pwani humwita kambare, na ambaye hapendi kingine kama mnyoo. Mtoni mdomoni na kando ya ziwa yuko mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na ambaye kwa kuvizia na kumeza anafanana na besi kuliko samaki mwingine yeyote tuliye naye. Yuko pia kamongo, ambaye meno yake hukata mshipi kama mkasi, na anayemtaka hana budi kutanguliza kipande cha waya. Ukiwatazama wote hao, utaona kwamba walio wengi ambao mtu aliyesimama ukingoni aweza kuwanasa ni wa kilo moja, mbili au tatu. Fimbo yetu ichaguliwe kwa ajili ya hao, wala isichaguliwe kwa ajili ya yule mbuta wa kilo hamsini anayetajwa katika hadithi.

Sasa tuje kwenye fimbo yenyewe. Mambo ya kuangalia ni matano.

La kwanza ni urefu. Fimbo fupi ya mita moja na nusu ni rahisi kuitumia chini ya matawi, lakini haifiki mbali. Fimbo ndefu ya mita tatu hurusha mbali, lakini kingo za Miriu zina vichaka, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataichoka kabla ya saa moja kwisha. Urefu wa kati, baina ya mita mbili na mita mbili na sentimita kumi, ndio unaofaa mtoni na ziwani, kwa mkubwa na kwa mdogo.

La pili ni nguvu. Juu ya mpini wa fimbo nyingi huandikwa uzito wa chambo inachoweza kukirusha na nguvu ya mshipi unaoifaa. Maandishi hayo madogo ndiyo ya kusomwa. Yale makubwa ya dhahabu ni ya kuuzia. Fimbo ya nguvu za wastani hurusha chambo cha gramu 7 hadi 18 hivi, na hutumia mshipi unaohimili kilo tatu na nusu hadi tano na nusu. Iliyo dhaifu kuliko hiyo itashindwa kumzuia fwani katika maji ya kasi. Iliyo na nguvu zaidi itakufanya ulivyofanya mimi: kurusha chuma na kuvua mawe.

La tatu ni jinsi inavyopinda, na hapa wengi huchanganya mambo. Nguvu ya fimbo ni kiasi cha uzito unaohitajika kuipinda. Upindaji ni mahali inapopindia. Kuna inayopinda nchani tu, kuna inayopinda hadi katikati, na kuna inayopinda mwili mzima kama ufito wa mkwaju. Inayopinda nchani hupeleka habari upesi mkononi na huchoma ndoana haraka. Inayopinda mwili mzima husamehe makosa, lakini huchelewa. Ya kazi nyingi ni ile ambayo theluthi ya juu ndiyo inayoanza kuinama, na kadiri mzigo unavyozidi ndivyo sehemu za chini nazo zinavyoitika.

Wanafunzi wa fizikia na wanisikilize hapa. Fimbo ni wenzo, lakini wenzo wa ajabu, kwani humsaidia samaki dhidi ya mvuvi. Tuseme kutoka mkono wako hadi nchani ni mita 1.8, na kutoka mkono huo hadi kitako cha mpini kilichoegemea kiwiko ni mita 0.3. Samaki akivuta kwa nguvu ya nyutoni 10 nchani, kiwiko chako kitalazimika kukabiliana na nyutoni 60, mara sita ya nguvu zake. Fimbo ikipinda hata umbali wa mvuto kutoka mkononi ukapungua kuwa mita 1.2, kiwiko kitabeba nyutoni 40 tu. Kwa hiyo fimbo inayoinama haikuonyeshi udhaifu wake. Inakupunguzia mzigo wewe, na kuunusuru mshipi usikatike kwa mvuto wa ghafla. Laiti ningalilipiga hesabu hilo dukani, fwani wangu asingalienda na ndoana.

La nne ni kitu ambacho fimbo imetengenezwa nacho. Wazee wetu walitumia mianzi na fito za msituni, na watoto wa darajani Sondu bado huzitumia wakapata samaki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilienea fimbo za nyuzi za kioo, na katika miaka ya 1970 zikaja za nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi na hufikisha mkononi hata mguso mdogo, lakini haipendi kugongwa: ikigongwa kwenye jiwe au kubanwa na mlango wa matatu hupata ufa usioonekana, na siku ya samaki mkubwa huvunjika. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo, ila huvumilia mengi. Kwa shule, ambapo mikono thelathini itaishika fimbo moja, mimi ningechagua iliyochanganya vitu hivyo viwili, au ya kioo tupu, kuliko kaboni ya bei ghali. Isitoshe, mwenye kaboni akumbuke kwamba hupitisha umeme. Mvua za alasiri za Nyakach na Kericho huja na radi, na fimbo haifai kuinuliwa juu radi inapounguruma, wala kurushwa chini ya nyaya za umeme.

La tano ni viungo na pete. Fimbo ya kipande kimoja husifiwa kwa uimara, lakini nani ataipandisha kwenye bodaboda kutoka Katito? Ya vipande viwili hutosha. Dukani iunge, kisha utazame kutoka kitakoni hadi nchani kama fundi seremala atazamavyo ubao: pete zote ziwe katika mstari mmoja. Itikise, kiungo kisigonge. Halafu pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Ikiacha unyuzi, pete hiyo ina ufa, na ufa huo utaukwaruza mshipi wako kila urushapo mpaka ukatike. Jaribio hili halina gharama yoyote, na muuzaji mwaminifu hatalichukia.

Mambo hayo matano yakitimia, rili ya wastani na mshipi wa nailoni wa kilo nne vitakamilisha chombo. Jambo moja tu naliongeza kuhusu rili. Ina breki ambayo huuachia mshipi samaki anapovuta sana. Wengi huikaza hadi mwisho kwa hofu ya kumpoteza samaki, na hivyo ndivyo wanavyompoteza. Chukueni mizani ya springi kutoka maabara ya shule, mfunge mshipi kwenye kulabu yake, mvute: breki ianze kuachia mizani inaposoma kati ya robo na theluthi ya uwezo wa mshipi. Kwa mshipi wa kilo nne, hiyo ni kilo moja au zaidi kidogo. Sijaona matumizi mema zaidi ya mizani ile tangu niajiriwe.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza: fimbo ya kati kwa kila kipimo. Sasa nimrudie mwenzangu na wavu wake.

Niliomba msomaji aukumbuke mwaka 1905. Mwaka huohuo ambao Illingworth alisajili rili yake huko Uingereza, nyavu za makila za kitani zililetwa katika ghuba yetu, miaka minne tu baada ya reli kufika Kisumu. Soko lilikuwapo, treni ilikuwapo, na ngege walikuwapo kwa wingi usiokadirika. Haikupita miaka 25 kabla ya malalamiko kuanza. Mtaalamu Michael Graham alipolichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alipendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi tano ili ngege wapate kukua na kuzaa. Baadaye zikaja nyavu za nailoni, nyepesi, imara, zisizooza. Na ndipo zamu ya ningu ilipofika.

Ningu ni samaki wa ziwani ambaye huzaa mtoni. Mvua zinapoanza na maji kugeuka rangi ya chai ya maziwa, huacha ziwa akapanda Miriu, Nzoia, Yala na Kuja, akiwa amebeba mayai. Wazee walimvua kwa vikapu na kwa uzio wa kek uliotandwa mtoni, na samaki wakaendelea kuja mwaka baada ya mwaka. Lakini nyavu zilipotegwa midomoni mwa mito wakati uleule wa kupanda, hazikuwavua samaki tu. Zilivua na watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wakiandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, ambao hapo awali ulikuwa miongoni mwa nguzo za chakula cha watu wa mitoni. Hajaisha kabisa, ila yule ningu aliyekuwa akijaza vikapu leo huhesabiwa. Fauka ya hayo, mto wenyewe una wadai wengi. Kituo cha umeme cha Sondu-Miriu cha megawati 60, kilichokamilika mwaka 2008, huyachepusha maji katika handaki, hata sehemu ya mto iliyo chini ya lambo hupungukiwa wakati wa kiangazi.

Hapa ndipo fimbo na wavu vinapoachana. Ukimtazama ningu utaona kwamba mdomo wake uko chini ya kichwa, wenye midomo minene ya kukwangulia. Chakula chake ni mwani na takataka laini zilizoganda juu ya mawe. Hafukuzi visamaki, wala hamvizii mnyoo. Kijiko cha bati kinachometameta kwake si chochote si lolote. Kwa hiyo fimbo yetu, pamoja na sifa zake zote za kufanya kazi nyingi, haiwezi kumvua ningu isipokuwa kwa bahati mbaya. Mwenzangu aliitaja hiyo kama kasoro. Mimi naiona kuwa sababu kubwa ya kuinunua. Chombo ambacho shule inakitia mikononi mwa watoto, kikashindwa kumdhuru yule samaki anayestahili kuachwa zaidi kuliko wote, ni chombo chema.

Haimaanishi kwamba mwenye fimbo hana dhambi. Fwani naye hupanda mto kuzaa, na yeye hukubali chambo. Ndiyo maana wanachama wamekubaliana kwamba katika majira ya mvua kila fwani mwenye tumbo la mayai apimwe urefu, aandikwe daftarini, kisha arudishwe majini kwa mikono iliyolowa, na kwamba vishikio vya ndoana vibanwe kwa koleo ili itoke bila kuchana. Wavu hautoi nafasi hiyo ya kuchagua. Ukiinuliwa asubuhi, wengi wa walionaswa wamekwisha kufa.

Wala sisemi kwamba wavu ni haramu. Omena havuliwi kwa ndoana, na maelfu ya familia kutoka Dunga hadi Homa Bay huishi kwa nyavu halali. Ninachokikataa ni wavu wa macho madogo uliotegwa mtoni usiku wa ningu kwa jina la shule. Chakula cha usiku mmoja ni chema, lakini watoto hawa watakula pia mwaka ujao, na mwaka utakaoufuata. Watu wa Gwassi hutusimulia habari za Nyamgondho, mvuvi fukara aliyepata utajiri kutoka ziwani na kuupoteza wote kwa kumtusi aliyemletea. Ng'ombe wake walirudi majini mbele ya macho yake. Kila nisikiapo kwamba samaki wamekwisha, huwakumbuka ng'ombe wale.

Yabaki mambo mawili ya busara kwa mwalimu yeyote atakayetaka kufuata njia hii. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inawahusu hata wanaovua kwa kujifunza. Basi kabla ya kurusha ndoana, nendeni ofisi ya uvuvi mkaulize kuhusu leseni, na mwapigie hodi viongozi wa ufuo au kijiji husika. Pili, kuelekea mdomo wa mto kuna viboko. Hakuna samaki anayelingana na uhai wa mtoto. Simameni pakavu, penye uwazi, mchana, na mtu mzima awepo daima.

Huenda msomaji atataka kujua yaliyotukia. Wanachama walinunua fimbo ya vipande viwili, ya mita mbili na sentimita kumi, ya nguvu za wastani, isiyo na hata neno moja la dhahabu. Msichana wa kidato cha pili ndiye aliyepitisha pamba katika pete zake zote, muuzaji akimtazama kwa mshangao. Jumamosi ya kwanza hatukupata kitu. Ya pili tulipata mumi mmoja mdogo, akaandikwa daftarini kwa heshima kubwa. Ya tatu alishika fwani, fimbo ikainama hadi karibu na mpini, breki ikalia, na kijana aliyeishika akapiga kelele, "Mwalimu, inapinda!" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Fwani alikuwa na mayai. Alipimwa, akarudishwa.

Nilipomsimulia mwenzangu, alitikisa kichwa, akauliza, "Basi watoto wamekula nini?" Sikuwa na jibu la kumshibisha mtu, na singependa kumdanganya msomaji kwamba ninalo. Fimbo moja haiwezi kuondoa njaa ya shule nzima. Lakini wavu wa usiku mmoja nao haukuweza kuiondoa tangu 1905, na umetuachia mto mtupu. Walau sasa wako watoto thelathini wanaomjua ningu kwa sura, wanaojua kwa nini hawamvui, na ambao siku moja watakaa kwenye mabaraza ya fuo na ofisi za uvuvi.

Walimu wenzangu, mkienda dukani, msomeni maandishi madogo. Wanafunzi, msidharau chombo kinachoinama. Mto Miriu bado unatiririka, na masika yaja.